Kuishi Kando ya Bahari Si Kujua Kuogelea

Hotuba ya Siku ya Kimataifa ya Kuzuia Kuzama Majini, inayoadhimishwa Julai 25 kila mwaka



Kaunti ya Kilifi ina pwani ndefu, kuanzia Mtwapa upande wa kusini hadi Marereni kaskazini. Kuna hori la Mtwapa, la Takaungu, la Kilifi na la Mida, na kuna Mto Sabaki unaomwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Mgeni akiyaona hayo yote hudhani kwamba kila mtu wa huku ni mwogeleaji. Si kweli. Wako watu wazima waliozaliwa hatua chache kutoka ufuoni ambao wakifikwa na maji ya shingo hawajui la kufanya, na miongoni mwao wapo hata wavuvi wanaoingia chomboni kila alfajiri.

Lugha yenyewe inaeleza kitu hapa. Neno kuogelea limetoka katika kuoga, na kwa watu wengi wa Pwani kwenda baharini ni kwenda kuoga tu: mtu anaingia hadi kiunoni, anajimwagia maji, anatoka. Huko Makunduchi, Unguja, sikukuu ya Mwaka Kogwa imepata jina lake kwa kuoga huko. Siku za Idd, Krismasi na Mwaka Mpya fukwe za Malindi na Watamu hujaa familia zilizokuja kuoga. Wanaojua kuogelea katika umati huo ni wachache, na maji hayana habari ya nani anajua na nani hajui.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu nusu yao walikuwa hawajafika umri wa miaka 29, na robo walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka miwili haendi mwenyewe hadi kwenye mwamba. Yeye huzama nyumbani: katika kisima kisicho na kifuniko, katika pipa la maji, hata katika ndoo ya kufulia wakati mama amegeuka kuanika nguo. Na wale wa Ganze, Kaloleni na Magarini wasiseme hili ni jambo la watu wa baharini. Timbo la mawe lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua, kando yake huwa wima kama ukuta, na mtoto akiteleza hana pa kushika. Malambo ya kunyweshea mifugo nayo yana tope linalonasa miguu. Sabaki ina mamba na viboko juu ya hayo.

Wavulana wengi hujifunza kwa kuigana. Mkubwa anaruka, mdogo anaona haya kubaki nchi kavu, naye anaruka. Ushindani wa namna hiyo ni wa zamani sana. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, aliwapa wasomaji wa Kiswahili kisa ambacho Cassius anamhadithia Brutus: siku ya upepo mkali Kaizari alimtania kama anathubutu kuruka naye katika mto Tiber. Wakaruka wote wawili na nguo zao, na kabla ya kufika walikokusudia Kaizari akaanza kuomba aokolewe. Cassius akambeba. Anayesoma kisa hicho huona wivu wa Cassius, na ni haki yake, lakini mzazi wa Takaungu ataona pia vijana wawili waliotaniana kuingia maji wasiyoyaweza. Wale walikuwa wawili, mmoja akiwa na nguvu za kumbeba mwenzake. Mara nyingi horini huwa ni watoto wanne na hakuna mmoja awezaye kumbeba mwingine.

Wasichana hawapati hata huko kuigana. Huambiwa kuogelea si kwao, kwa sababu ya mavazi, au kwa sababu anayefundisha ni mwanamume. Sababu hizo zina uzito wake na hazifai kudharauliwa, ila zina dawa. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi uitwao Panje Project umewafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na mwalimu wao mwanamke. Hapakuwa na haja ya kidimbwi cha kifahari. Walijifunza katika bahari hiyohiyo ya Hindi, kwanza kuelea, kisha kuogelea, kisha kumwokoa mwenzao. Picha za wasichana hao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Nungwi na Ngomeni zina dini, mila na maji yanayofanana sana.

Kumbukumbu ya Mtongwe pia ingalipo. Aprili 29, 1994, feri ilipinduka katika kivuko hicho cha Mombasa na watu 272 wakafa. Haikuwa bahari kuu. Kilikuwa kivuko cha watu kwenda kazini. Kosa la kujaza chombo kupita kiasi halirekebishwi kwa abiria kujua kuogelea, lakini mtu anayeweza kuelea kwa dakika kumi ana dakika kumi za kufikiwa na mtumbwi.

Kwa upande wa michezo, Mkenya aliyefika mbali zaidi katika kuogelea Olimpiki ni Jason Dunford. Beijing, mwaka 2008, katika mita 100 za mtindo wa kipepeo, aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14 kwenye mchujo, ingawa haikudumu, na akamaliza wa tano katika fainali. Dunford ni mtoto wa Nairobi, mji ulio karibu kilomita 500 kutoka baharini. Nairobi haina ufuo hata mmoja. Ina vidimbwi, na ina walimu.

Kuna na mfano wa pili, wa Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyekwenda Sydney mwaka 2000 akiwa amefanyia mazoezi katika kidimbwi kidogo cha hoteli. Hakuwa ameona kidimbwi cha mita 50 kabla ya hapo. Aliogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, polepole mno kwa Olimpiki, watazamaji wakimshangilia hadi akagusa ukuta. Wengi walicheka. Kwa mzazi wa Malindi ambaye mwanawe hajui kuelea, mtu aliyejifunza katika kidimbwi cha hoteli akaweza kuvuka mita 100 bila kuzama si wa kuchekwa.

Vidimbwi vya hoteli Malindi na Watamu viko vingi. Mvua za masika zikianza, kati ya Aprili na Juni, wageni hupungua na maji hukaa bila mtu. Shule, madrasa, kanisa au kikundi cha usimamizi wa ufuo, yaani BMU, kinaweza kwenda kwa meneja na barua kuomba saa mbili kwa wiki, saa moja ikiwa ya wasichana na mwalimu mwanamke. Meneja mwenye busara atauliza mambo matatu kabla ya kukubali: mwalimu ni nani, nani atakaa kando akiwatazama watoto bila kushika simu, na je, sakafu ya kidimbwi inaonekana wazi kutoka juu? Maji yaliyogeuka kijani humficha mtoto aliyezama. Somo la kwanza lifanyike mahali ambapo maji hayampiti mtoto kifuani, na liwe la kuelea chali. Mbio zitakuja baadaye.

Bahari ina masomo yake ambayo kidimbwi hakifundishi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne, na maji yote hayo hutoka horini kwa kupitia mlango mmoja. Anayeogelea mlangoni maji yakipwa huchukuliwa. Aliyechukuliwa na mkondo asishindane nao kurudi moja kwa moja. Akate kwa ubavu, sambamba na ufuo, hadi mkondo ulegee. Msimu wa kusi bahari huchafuka, na Sabaki ikifurika maji ya Malindi huwa ya kahawia hata mkono hauonekani.

Anayezama huwa kimya. Hana pumzi ya kupiga kelele. Akionekana, asirukiwe na asiye mwokoaji, kwa kuwa mfa maji humshika yeyote na kumzamisha. Atupiwe dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, likiwa na kamba, au anyoshewe upondo. Akitolewa hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kubonyezwa tumbo. Hayo hupoteza dakika na huweza kuleta matapishi kwenye mapafu. Apuliziwe pumzi mdomoni kwanza, kisha kifua kikandamizwe mara 30, pumzi mbili, tena mara 30, bila kuacha, huku mwingine akipiga 999 au 112. Na akizinduka akasema yu mzima, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni huweza kumrudia usiku.