Mnyororo Mpya wa Pikipiki: Namna ya Kuutia Nyumbani

Maneno ya mazungumzo kwa wenye pikipiki wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati



Hapana asiyejua kazi ya pikipiki katika nchi hii. Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Nyandarua, pikipiki zimekwisha shuka kutoka Bahati, Dundori na Subukia zikiwa zimebeba maziwa na mboga. Kutoka Njoro, Molo na Elburgon huja na viazi. Katika Jiji la Nakuru lenyewe, lililopewa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021, ni pikipiki zinazowachukua watu kutoka Kaptembwa, Rhonda na Free Area kwenda kazini, na usiku ndizo zinazowakimbiza wagonjwa hospitalini.

Lakini nguvu yote hiyo ya injini haifiki kwenye gurudumu la nyuma ila kwa njia moja tu, nayo ni mnyororo, ambao wengi huuita cheni. Mnyororo ukikatika, injini hunguruma bure. Mnyororo ukiruka na kujisokota, gurudumu hukamatwa ghafula, na waliopanda huanguka. Kwa hiyo yafaa kila mwenye pikipiki aujue mnyororo wake, ajue wakati wa kuutupa, na ajue namna ya kutia mpya kwa mikono yake mwenyewe.

MFANO WA KIJANA MMOJA

Mfano ni kama huu. Kijana mmoja wa upande wa Mau Narok alikuwa na pikipiki aliyoinunua kwa mkopo, akilipa kidogo kidogo kila siku. Mnyororo wake ulipoanza kupiga kelele, alinunua mpya, akautia kwa haraka kando ya njia, akaendelea na kazi. Meno ya zamani hakuyatazama. Wiki chache baadaye aliitwa usiku kumchukua mama aliyekuwa na mtoto mwenye homa kali. Walipokuwa wakipanda kilima, mnyororo uliruka, ukajibana kati ya meno na fremu, na pikipiki ikalala chini. Kwa rehema ya Mungu walikuwa wakienda polepole, basi hawakupata ila michubuko. Lakini walikaa gizani zaidi ya saa moja wakingoja gari, na mtoto yule akiwaka moto kifuani pa mama yake. Walifika hospitalini, na mtoto akapona. Lakini kijana alijua kwamba ingaliweza kuwa vingine.

Asubuhi aliikokota pikipiki mpaka nyumbani kwa baba yake mdogo, mzee aliyestaafu kazi ya ufundi katika reli. Mzee hakumgombeza. Aliokota kipande cha mnyororo, akakitazama, akasema, "Mwanangu, mnyororo huu ni mzuri. Kosa si lake."

"Basi ni la nani, Baba Mdogo?"

"Keti hapa, tutaliona pamoja."

MNYORORO NI KITU GANI

Mnyororo wa namna hii haukuanza jana. Mwaka 1880 Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na karakana mjini Manchester, Uingereza, alitengeneza mnyororo wenye pini, bushi na rola, na mpaka leo pikipiki hutumia umbo lile lile. Pini huzunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi huzunguka rola, ambayo ndiyo inayokaa kati ya meno.

Watu husema kwamba mnyororo "umevutika", kana kwamba ni mpira. Sivyo. Chuma hakikuvutika, ni pini na bushi zilizolika. Kila kiungo kikilika sehemu moja ya kumi ya milimita, haionekani kwa macho. Lakini mnyororo wenye viungo 118 utakuwa umerefuka karibu milimita 12, na hapo hautakaa tena barabara juu ya meno.

Na adui mkubwa wa mnyororo katika nchi hii ni vumbi. Udongo wa sehemu hizi, tangu Menengai mpaka Naivasha, umetokana kwa wingi na majivu ya volkano, na ndani yake mna chembe kali kama vipande vya kioo. Chembe hizo zikichanganyika na oili huwa kama msasa, zikausaga mnyororo usiku na mchana.

KUJUA KAMA UMEKWISHA

Njia ya kwanza ni nyepesi. Mwenye pikipiki aushike mnyororo mahali pa nyuma kabisa pa gurudumu kubwa la meno, auvute kuelekea kwake. Ukiinuka hata nusu ya jino ikaonekana, umekwisha.

Njia ya pili ni ya kupima. Pikipiki nyingi ndogo za kazi hutumia mnyororo wa namba 428, ambao kutoka pini mpaka pini una nusu inchi, yaani milimita 12.7. Basi uvutwe ukazane, zipimwe nafasi 20, kuanzia katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 21. Ukiwa mpya, kipimo ni milimita 254. Ukifika 259, usingojwe tena.

Kisha yatazamwe meno. Jino zima lina mabega mawili yaliyo sawa. Jino lililolika hupinda upande mmoja kama mwiba wa mchongoma. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kijana yule. Mnyororo mpya una nafasi za nusu inchi barabara, lakini meno yaliyolika yamekwisha zoea nafasi ndefu za mnyororo mkuukuu. Havipatani, mmoja humla mwenzake. Kwa hiyo kanuni ni hii: mnyororo, meno ya mbele na meno ya nyuma hununuliwa pamoja na kutiwa pamoja. Anayeona ghali kununua vitatu, atanunua vitatu hivyo mara mbili.

KUNUNUA

Mnunuzi achukue dukani mnyororo wa zamani, na ahesabu viungo vyake. Asipime kwa urefu, maana wa zamani umerefuka na utamdanganya. Namba zimepigwa mhuri juu ya mabamba, kama 428 au 428H. Herufi H maana yake ni mabamba mazito zaidi, nayo yafaa kwa mizigo. Atazame pia kwamba ndani ya kisanduku mna kiungo cha kuungia pamoja na klipu yake mpya. Klipu iliyokwisha kutumika isirudishwe kazini.

KAZI YENYEWE

Vyombo vinavyotakiwa ni spana za kadiri ya nati zake, koleo, bisibisi, brashi, matambara na mafuta ya taa kidogo. Kazi ifanywe mchana, mahali tambarare, injini ikiwa imepoa, na ufunguo uwe mfukoni mwa mwenyewe.

Jambo moja lishikwe kuliko yote: gurudumu lizungushwe kwa mkono tu. Isiwashwe injini kamwe wakati mkono au tambara liko karibu na mnyororo. Wako mafundi waliopoteza vidole kwa kutaka kumaliza upesi.

Pikipiki isimamishwe juu ya stendi kubwa. Kifuniko cha mnyororo kitolewe, na kile kinachofunika meno ya mbele ubavuni mwa injini. Hapo mzee wa reli alimzuia kijana aliyetaka kuutoa mnyororo mara moja. "Legeza kwanza boliti za meno ya mbele," alisema. "Mnyororo wa zamani bado una kazi moja." Mtu wa pili akanyage breki ya nyuma, mnyororo ndio utakaoyashika meno ya mbele yasizunguke huku boliti zikilegezwa. Mnyororo ukitolewa kwanza, meno huzunguka na boliti hazifunguki.

Kisha klipu itolewe kwa koleo, bamba litolewe, kiungo kisukumwe ndani, na mnyororo uvutwe nje. Gurudumu la nyuma litolewe, meno yake yabadilishwe, na nati zake zikazwe kwa mpango wa kukabiliana, si kwa kufuata duara. Kama kuna vibamba vya kukunja vya kuzuia nati zisilegee, vikunjwe tena. Grisi iliyochanganyika na udongo, ambayo hujaa nyuma ya meno ya mbele, ikwanguliwe yote. Gurudumu lirudishwe, lisukumwe mbele kabisa, na nati ya ekseli iachwe imelegea.

Sasa mnyororo mpya ulazwe juu ya gunia safi kando ya ule wa zamani, viungo vihesabiwe. Ukizidi, pini ya kiungo kilichozidi itolewe kwa chombo chake. Asiyenacho ampelekee fundi, maana kuipiga kwa nyundo na msumari huharibu bushi ya jirani. Ncha zote mbili lazima ziwe zenye rola, ili kiungo cha kuungia kiingie.

Mnyororo upitishwe juu ya meno ya mbele, na ncha zake zikutanishwe juu ya meno ya nyuma. Hapo meno yenyewe huzishika. Kiungo kiingizwe kutoka upande wa gurudumu kuja nje, bamba litiwe, kisha klipu isukumwe mpaka ikae ndani ya mifuo ya pini zote mbili na kusikika ikilia.

UPANDE WA KLIPU

Klipu ina umbo la samaki: kichwa kilichofungika na mkia uliogawanyika. Kichwa hapana budi kielekee kule mnyororo unakokwenda. Pikipiki ikienda mbele, sehemu ya juu ya mnyororo huenda mbele kuelekea injini. Basi kiungo kikiwa juu, kichwa kitazame injini. Kikiwa sehemu ya chini, kichwa kitazame nyuma. Ikiwekwa kinyume, kila kijiti au jiwe litakalougusa mkia litaipanua klipu, mpaka itoke. Samaki haogelei kwa mkia mbele. Mtu akikumbuka hilo hatakosea.

Mzee alipouliza klipu ya usiku ule ilielekea wapi, kijana alinyamaza. Hakukumbuka, alikuwa ameitia gizani.

KULEGEA NA KUNYOKA

Mnyororo usikazwe kama uzi wa zeze. Mtu na mzigo wakipanda, gurudumu la nyuma hupanda na kushuka, na mnyororo hukaza na kulegea. Ukiwa umekazwa mno, huvunja beringi za gurudumu na za injini. Ukiwa umelegea mno, huruka. Katikati ya sehemu ya chini, ukisukumwa juu na chini kwa kidole, uende karibu milimita 25. Lakini kitabu cha pikipiki yenyewe kikitaja kipimo kingine, kifuatwe hicho. Gurudumu lizungushwe polepole na kupimwa mahali pengi, na kipimo kichukuliwe pale panapokaza zaidi.

Nati za kuvutia gurudumu nyuma zizungushwe sawasawa pande mbili, na alama za kushoto na za kulia zilingane. Zikitofautiana, gurudumu limekwenda mshazari, na mnyororo utakwaruza meno ubavuni. Kisha nati ya ekseli ikazwe kwa nguvu, pini mpya ya kukunja itiwe kama ipo, na mnyororo upimwe tena, maana kukaza nati mara nyingi huubadili. Mwisho, breki ya nyuma irekebishwe, kwa sababu gurudumu limehama. Wengi husahau jambo hili, wakalikumbuka kwenye mteremko.

KUUTUNZA

Baada ya siku ya kwanza ya kazi, mnyororo upimwe tena, na klipu itazamwe. Tangu hapo usafishwe na kutiwa oili kila baada ya kilomita 500 hivi. Anayekwenda kilomita 100 kwa siku afanye hivyo kila siku ya tano, na mara baada ya mvua kubwa. Oili ya gia yafaa. Ile nyeusi iliyomwagwa kutoka injini haifai, maana imejaa unga wa chuma. Itiwe upande wa ndani wa sehemu ya chini, kidogo kidogo, gurudumu likizungushwa kwa mkono. Iachwe iingie, kisha iliyozidi ipanguswe. Mnyororo unaochuruzika oili hauna faida katika vumbi la Nakuru. Huliita vumbi lote la njiani.

Kazi hii yote yaweza kuchukua asubuhi moja. Asubuhi moja ni hasara kwa mtu anayelipa mkopo wa kila siku, na hapana haja ya kulificha hilo. Lakini wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi ya pikipiki, ukuta huo huenda ukawa mguu wa mtu, au uhai wa abiria aliyemwamini dereva.

Kijana yule alimaliza kabla ya adhuhuri. Alipotaka kuondoka, mzee alimwomba aizime injini kwanza, ashuke, aitazame klipu mara moja zaidi. Kichwa cha samaki kilikuwa kinatazama injini.

"Sasa nenda, mwanangu," akasema mzee. "Na ukipita kwa mama yule, mwulize hali ya mtoto."