Takwimu Kabla ya Rungu

Msikilizaji, kila unapozuka ugonjwa wa mlipuko tunarudi kwenye ubishi uleule: serikali ifunge nchi au isifunge? Mwaka 2020, wakati wa corona, Kenya iliweka kafyu, Tanzania ikaacha wazi, na vijiweni bado watu wanatoana jasho kuhusu nani alipatia. Mimi naona tumeshikilia la pili, rungu, na la kwanza, takwimu, tumeliruka.

Tuanzie Likoni, Mombasa, Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu. Amri ilitaka watu wawe majumbani ifikapo saa moja jioni. Zaidi ya saa mbili kabla ya muda huo, watu wakitoka kazini na kusubiri feri, polisi waliwarushia mabomu ya machozi na kuwacharaza virungu. Mashuhuda walisema wengine walilazwa chini, huyu juu ya yule. Hayo yakitendeka, Wizara ya Afya inahimiza watu wasikaribiane! Sijui kirusi gani kingeomba zaidi ya hapo.

Hata hivyo, karibu kila siku Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, au wasaidizi wake walisoma idadi ya waliopimwa, walioambukizwa na waliofariki. Uliweza kumbishia waziri, kwa sababu alikupa cha kubishia.

Kwetu Tanzania hakukuwa na kafyu, na simumunyi maneno: kwa mama lishe na bodaboda hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Mtu anayekula alichopata leo humfungii ndani wiki tatu bila kumpelekea unga. Lakini tulitangaziwa jumla ya wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya, zaidi ya mwaka mzima. Mei 2020, Rais Magufuli akaitilia shaka maabara yenyewe, akisema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na corona. Sawa, maabara ikiwa na kasoro irekebishwe. Kwa nini hesabu zifungiwe kabatini? Madereva wetu wa malori wakawa wanapimwa na Kenya pale Namanga, hali yetu tukaisikia kwa jirani. Mwanzoni mwa 2021 tulizika mfululizo, matangazo yakitaja changamoto ya upumuaji, na mtu akienda msibani hajui avae barakoa au aiache.

Rais Samia alipochukua madaraka baada ya Magufuli aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28, 2021 akachanjwa hadharani. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera, Wizara ya Afya ilitangaza yenyewe: wagonjwa wanane, vifo vitano. Ilionekana tumejifunza. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa ya washukiwa wa Marburg huko huko Kagera, Wizara ikajibu kwamba vipimo havijaonyesha ugonjwa huo. Januari 20 Rais akathibitisha mgonjwa mmoja, Biharamulo. Katika siku zile za katikati, muuguzi wa zahanati aliyeletewa mtu mwenye homa na kutapika alitakiwa afuate taarifa ya nani?