Mzigo wa Mpagazi na Kikombe cha Chai

Maneno yaliyosemwa ukumbini mwa hekalu letu, Tabora, katika sherehe za maadhimisho



Kamati ilipotutaka tuseme machache katika siku hii kuu, tulidhani tungetakiwa kueleza habari za wazee wetu waliolijenga hekalu hili. Habari hizo wamekwisha kuzieleza wenzetu, tena kwa ufasaha kuliko tungaliweza sisi, ambao masomo yetu yaliishia sekondari na yaliyobaki tulifundishwa na kaunta ya duka. Tumeomba basi ruhusa ya kusema juu ya jambo lisilozoeleka kutajwa mahali pa ibada, nalo ni unene wetu.

Tunasema "wetu" kwa makusudi. Hatukusimama hapa kumsuta mtu. Anayesema nanyi alikuwa na kilo 96 na kitambi kilichomtangulia mlangoni.

Miaka mitatu iliyopita tulimsindikiza mwenzetu aliyefariki kwa maradhi ya moyo kabla hajatimiza miaka 60. Kutoka pale gari liliposimama hadi mahali pa kuchomea ni mwendo mfupi, hata mtoto huufika kwa kukimbia. Tulikuwa wanaume sita chini ya machela, nasi tulisimama njiani mara mbili. Mara ya pili mmoja wetu aliketi chini kwa kukosa pumzi. Nafasi yake ikashikwa na mzee wa Kinyamwezi aliyefanya kazi dukani kwetu tangu enzi za marehemu baba yetu, mtu aliyetupita umri kwa miaka minane au zaidi. Alibeba hadi mwisho, wala hakuhema.

Jioni ile tulipoketi barazani tulimshukuru. Akatujibu kwa upole, "Tajiri, marehemu hakuwa mzito. Ninyi mlikuwa mmekwisha kubeba mizigo yenu kabla hamjamshika."

Neno lile halikututoka. Huyu ni mjukuu wa wapagazi, na mji huu ulikuwa mji wa wapagazi. Kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo kuja hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Ilipanda na nguo, shanga na waya wa shaba, ikateremka na pembe za ndovu. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kuliko watu wote wa bara. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, mbali na sufuria yake, mkeka wake na chakula chake. Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa njiani kwa zaidi ya miezi minne. Waliwakuta hapa Waarabu, na mji huu ulikuwa pia na mfanyabiashara Mhindi mwenye asili ya Surat, akiitwa Musa Mzuri. Kwa hiyo sisi watu wa Gujarat tunaijua njia hii tangu zama za miguu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na miaka miwili baadaye ikafika Kigoma. Mizigo ikapanda behewani, nalo likawa jambo jema, kwa maana wapagazi wengi walifia njiani kwa njaa na ndui. Baba zetu hawakuwahi kubeba frasila mbili, lakini walizunguka vijijini kwa baiskeli kununua karanga, asali na nta, wakanyanyua magunia kwa mikono yao. Kisha tukaja sisi. Sisi tunatoka kitandani hadi garini, garini hadi kwenye kiti cha duka, na kutoka kitini tunaagiza chai.

Hapo kwenye chai ndipo tulipoanza kuhesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi tunayoijua. Kila mteja wa jumla anapofika dukani huletewa chai, na si adabu mwenyeji kumwacha mgeni anywe peke yake. Tukaona kwamba kwa siku tunakunywa vikombe saba, na kila kikombe kina vijiko vitatu vya sukari. Tukaweka vijiko 21 juu ya mizani ya duka. Ikasoma gramu 84. Tukazidisha kwa siku 365, na jumla ikawa kilo 30 na nusu.

Ndugu zetu, huo ni mzigo mzima wa mpagazi. Yeye aliubeba begani akautua Bagamoyo, akalipwa ujira wake. Sisi tuliubeba tumboni kila mwaka, tukaulipia wenyewe, wala hatukuwa na Bagamoyo ya kuutua.

Pengine mtasema haya ni mahesabu ya muuza duka. Tuwasikilize basi wataalamu. Mwaka 1991 Dakta Kaushik Ramaiya na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, uchunguzi walioufanya miongoni mwa Wahindu wa Dar es Salaam. Walipima watu zaidi ya 1,000 wa jumuiya saba, jumuiya kama hizi zetu, na wakaona kwamba karibu mtu mmoja kati ya kumi alikuwa na kisukari. Tena hali haikuwa sawa katika jumuiya zote, zipo zilizozidiwa na zipo zilizonusurika. Sote tuna asili moja, hivyo hatuwezi kuisingizia damu peke yake. Chakula na mwenendo vina sehemu yao.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kiasi cha robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana uzito uliozidi, na karibu asilimia 9 wana kisukari. Lakini sisi wenye asili ya Bara Hindi tuna sababu ya kujihadhari mapema, kwa kuwa mafuta yetu hupenda kukaa tumboni, na maradhi hutufikia tukiwa na uzito ambao kwa watu wengine haujawa tishio. Ndiyo maana kipimo cha kiuno tulichowekewa ni kidogo: mwanamume asifike sentimita 90, na mwanamke asifike 80. Anayetaka kujua hali yake aazime utepe wa fundi cherehani. Sisi tulipojipima mara ya kwanza, utepe ulisoma 109.

Sasa tueleze tulilolifanya. Hatukununua dawa za kukondesha, wala hatukufunga kula kwa wiki nzima. Tulifuata desturi ya msafara, nayo ni kwenda kambi kwa kambi.

Kambi ya kwanza ilikuwa chai. Mwezi wa kwanza tulitoa kijiko kimoja, mwezi wa pili kijiko cha pili, mwezi wa tatu cha mwisho. Tangawizi, iliki na mchaichai vikabaki. Wiki mbili za mwanzo chai ilikuwa chungu na hasira zetu zilikuwa fupi, waulizeni wafanyakazi wa duka. Leo tukipewa chai ya sukari hatuwezi kuimaliza.

Kambi ya pili ilikuwa mafuta. Tulipomwambia mwenzetu wa nyumbani kwamba mapishi yana mafuta mengi, alitujibu, "Mafuta nayamimina mimi, lakini anayeomba bhajia sahani ya pili ni nani?" Tukanyamaza. Kisha tukakaa naye tukahesabu. Nyumba yetu ya watu wanne ilikuwa ikitumia lita 10 za mafuta kwa mwezi. Tukakubaliana zinunuliwe lita sita tu, na zikiisha kabla ya mwezi, tule vya kuchemsha. Lita nne zilizopungua ni lita moja kwa kila mtu, yaani vijiko vikubwa viwili kwa siku, na kila kijiko kina kiasi cha kalori 120. Vaghar ya dal haikukosekana. Kilichokosekana ni bhajia na ganthia za kila jioni, ambazo sasa huonekana Jumapili.

Kambi ya tatu ilikuwa sahani yenyewe. Wazee wetu walipotoka Kathiawar walikula rotlo ya uwele na maziwa ya mgando yaliyopunguzwa kwa maji. Uwele huo na mtama zimo sokoni hapa Tabora, na wenyeji wetu wanavila tangu zamani. Choroko, dengu na mbaazi tunaziuza wenyewe kwa gunia. Mchicha, kisamvu na mlenda vipo tele masika. Hatukuhitaji chakula cha ugenini. Tulipunguza rotli za ngano kutoka sita hadi tatu, tukapunguza wali, tukajaza nusu ya sahani mboga. Na chakula cha usiku, ambacho tulikuwa tukikila saa tatu baada ya kufunga hesabu, tukakirudisha hadi saa moja.

Kambi ya nne ilikuwa miguu. Baada ya aarti ya asubuhi tunatoka wanaume wanne, sasa tumekuwa kumi na mmoja, tunapita chini ya miembe hadi stesheni ya reli na kurudi. Ni nusu saa kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, jumla dakika 150. Huo ndio muda uliotumika katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, ambapo watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walitakiwa kutembea hivyo na kupunguza asilimia 7 ya uzito wao. Hatari ya kupata ugonjwa ilipungua kwa asilimia 58. Huko India nako, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2006, mabadiliko ya chakula na mwendo yalipunguza hatari hiyo kwa zaidi ya robo, ingawa uzito wa watu haukupungua kwa kiasi cha kuonekana. Habari hiyo ni faraja kwa yule anayetembea kila siku lakini mizani yake haisogei. Asikate tamaa, kwani ndani ya mwili kazi inafanyika.

Matokeo yetu hayakuwa ya miujiza. Mwaka wa kwanza kilo nane zilitoka. Diwali ikaja, kisha harusi mbili, kilo tatu zikarudi. Tukaanza tena. Leo tuna kilo 86, kiuno ni 98, na utepe bado unatudai. Lakini daktari aliyetuambia kwamba tumesimama mlangoni mwa kisukari ametuambia mwaka huu kwamba tumerudi nyuma hatua kadhaa.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati mambo matatu.

La kwanza ni prasad. Tunajua ni kitu kitakatifu, wala hatusemi ikataliwe. Tunaomba sinia la sukhadi na penda liwe dogo, na kando yake liwepo sinia la matunda ya hapa: maembe, mapapai na machungwa. Mungu hupokea hata tunda.

La pili ni Ekadashi. Tuseme ukweli: siku ya kufunga tumeigeuza kuwa siku ya viazi vya kukaanga, karanga na sabudana zinazoelea katika samli, hata tunakula zaidi ya siku isiyo ya mfungo. Bhagavad Gita katika sura ya sita inatufundisha kiasi, kwamba asifanikiwe mlafi wala asifanikiwe ajinyimaye kupita kiasi. Turudi kwenye matunda na maziwa. Ila ndugu anayetumia dawa za kisukari asifunge bila kumwuliza daktari wake, kwani sukari ikishuka ghafla ni hatari.

La tatu, utepe wa kupimia na mizani viwekwe katika chumba hiki, na kila mwezi tujipime, wanaume kwa zamu yao na wanawake kwa zamu yao, bila kuchekana. Mama zetu nao wawe na kundi lao la kutembea, na sisi wanaume tubaki nyumbani tukitayarisha chai ya asubuhi. Isiyo na sukari.

Ndugu zetu, jumuiya yetu Tabora si kubwa tena. Watoto wamekwenda Dar es Salaam, Leicester na Toronto. Viti vya ukumbi huu mnaviona, na mnajua ni vipi vilivyokuwa na wenyewe mwaka jana. Kila mzee anayetutoka kabla ya wakati wake huondoka na mtu mmoja wa kuwasha taa hii, mmoja wa kufundisha bhajan, mmoja wa kushika machela. Hekalu limekarabatiwa, rangi ni mpya na kengele zinalia vizuri. Linahitaji watu wenye pumzi ya kupanda ngazi zake.

Kesho aarti itakuwa saa kumi na mbili asubuhi. Baada yake tutakuwa getini tumevaa raba. Yule mzee wetu wa duka amekubali kutuongoza, kwa sharti moja: tusimcheleweshe.