Unene Si Nguvu: Tuitunze Misuli

(Nasaha kwa vijana na wazazi, baada ya swala ya alasiri)



Ndugu zangu, mama zetu na dada zetu, miaka ya 1980 na 1990 mwenye virusi vya Ukimwi alijulikana kwa kukonda. Kule Uganda maradhi hayo yakapewa jina la Slim. Ndiyo maana hadi leo tukimuona mgonjwa amenenepa twasema: alhamdulillahi, huyu sasa yuko sawa! Si lazima iwe hivyo. Dawa zimemrudishia afya, na asiziache hata siku moja. Lakini baadhi ya dawa za sasa, kama dolutegravir, zimeonekana kuandamana na kuongezeka uzito. Na mwili waweza kuwa mnene huku misuli imedhoofu. Virusi, umri na kukaa kitako kutwa, vyote hupunguza misuli. Mtu akipanda ngazi anahema; akiinuka kwenye sijda anashika ukuta.

Je, ajinyime chakula? La. Anayepunguza uzito kwa njaa tupu hupoteza mafuta na misuli pamoja. Hebu tazama sinia zetu za futari: viazi karai, kaimati, mahamri, juisi yenye sukari tele. Vyajaza tumbo, misuli havijengi. Punguza hivyo, weka samaki, mayai, ndengu, kunde au maharagwe. Na daku usiiache.

Pili, misuli hujengwa kwa kuitumikisha. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa watu wazima, wakiwemo wanaoishi na virusi, angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Huhitaji jimu. Baada ya tarawehe, kaa kitini na uinuke mara 10 bila kushika kitu, sukuma ukuta, inua mtungi wa maji wa lita 5. Anza pole pole, kisha ongeza.

Tatu, saa ya dawa. Kabla ya kufunga muone daktari. Anayemeza mara moja kwa siku mara nyingi aweza kupangiwa wakati wa futari au daku. Na aliyekatazwa na daktari kufunga asijitese. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Nanyi vijana, mkimuona shangazi anatembea jioni na raba zake, msimcheke, wala msimuulize anaumwa nini. Fuataneni naye. Akifika nyumbani mwekeeni kiti, mhesabu naye mpaka kumi.

Wabillahi tawfiq.