Lofa za Idd: Utatembea Nazo au Utazibeba Mkononi?

(Mazungumzo na vijana baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mliokaa kule nyuma, leo nataka tuzungumze habari ya viatu. Naona wengine mnatabasamu. Haya, tabasamuni, lakini siku ya Idd ndiyo mtanikumbuka, pale kijana amependeza kichwani mpaka kiunoni, halafu anatembea kama aliyekanyaga makaa.

Siku hizi vijana wengi wanataka lofa, yaani kile kiatu cha ngozi kisicho na kamba, unatumbukiza mguu unakwenda zako. Jina lenyewe lachekesha, maana kwetu lofa ni mtu asiye na kazi, anayeshinda barazani. Neno ni lile lile la Kiingereza. Kiatu hiki kilianza kuwa cha mtu aliyepumzika, si cha ofisini. Katika miaka ya 1930 fundi wa Norway, Nils Tveranger wa kijiji cha Aurland, alikuwa akishona viatu vya namna hii. Mwaka 1936 kampuni ya G.H. Bass ya Marekani ikatoa vyake na kuviita Weejuns, jina lililofupishwa kutokana na vile Waingereza wanavyowaita watu wa Norway. Mwaka 1953 Gucci wa Italia wakaweka kile chuma cha juu kinachofanana na lijamu ya farasi. Basi ukiviona vyenye chuma hicho Biashara Street au Eastleigh, ujue vimetoka mbali.

Sisi tunakipenda kwa sababu yetu wenyewe. Mtu anayevua viatu mlangoni mwa msikiti mara tano kwa siku hana haja ya kuinama kufungua kamba huku wenzake wanamsukuma mgongoni. Na kutaka kiatu kizuri si kiburi. Mtume (s.a.w.) aliulizwa habari ya mtu anayependa nguo yake na kiatu chake viwe vizuri, na hakulikemea jambo hilo, alieleza kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hivyo kijana asione haya kutaka kupendeza. Ninachotaka mimi ni apendeze na atembee.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye neno lenyewe. Kiatu cha kamba kikiwa kikubwa kidogo, unakaza kamba, mambo yanakwisha. Lofa haina kamba. Kinachoushika mguu ni ngozi ya juu, pale kwenye tao la mguu, na kile kikombe cha nyuma kinachokumbatia kisigino. Basi. Ikiwa kubwa, vidole vinajikunja kama makucha ili visiiache njiani, na kisigino kinapanda na kushuka mpaka kitoke malengelenge. Mtu anasema kiatu kinambana, kumbe kimempwaya!

Na hapa akina mama mniwie radhi. Ile desturi yetu ya kumnunulia kijana kiatu kikubwa "atakijaza mwaka ujao" haifai kabisa kwa lofa. Najua pesa hazipatikani, na mguu wa mtoto wa miaka 13 hauna subira. Lakini kama lazima akue ndani ya kiatu, mnunulie cha kamba au ndara za kufunga na mkanda. Lofa mngojee mguu utulie. Mkimlazimisha, atavaa asubuhi moja tu ya Idd, kisha vitakaa chini ya kitanda, na pesa mlizookoa zimepotea zote.

Unajuaje saizi? Usitegemee namba peke yake, maana 42 ya kiwanda hiki si 42 ya kiwanda kile. Nenda dukani jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kutwa nzima. Kiatu kilichokuenea asubuhi kinaweza kukubana Magharibi. Jaribu vyote viwili, tena umesimama. Watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, basi mfuate huo mkubwa. Mbele ya kidole kirefu kabisa (si lazima kiwe kidole gumba) ibaki nafasi ya kama sentimita 1. Ubavuni kusibane mpaka ngozi ivimbe, ingawa ngozi halisi hutanuka kidogo kwa upana. Kwa urefu haitanuki, hata muuzaji akikuapia. Kisha tembea kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia lao. Kisigino kikiinuka kidogo sana mwanzoni ni kawaida, kwa sababu soli bado ngumu. Kikitoka nje, rudisha.

Wanaonunua mitumba, Gikomba au Kongowea, ambako huna kiti wala muda, nawapa hila moja. Kanyaga karatasi ngumu nyumbani, chora mguu wako, kata, weka mfukoni. Sokoni iingize ndani ya kiatu. Ikilala bila kujikunja pembeni, endelea kukitazama. Ikijikunja, mwachie mwingine hata kama ni kizuri namna gani.

Halafu kikunje. Kiatu cha kutembelea hukunjika pale vidole vinapoanzia, kama mguu wenyewe. Kinachokunjika katikati kama kitabu hakina mfupa, kitakuchosha kabla hujafika stendi. Kisicho na kisigino kabisa nacho hakifai safari ndefu. Sentimita 2 au 3 zatosha. Soli ya ngozi inapendeza, lakini juu ya marumaru yenye maji inateleza. Ikiwa umeipenda sana, fundi wa viatu atakubandikia mpira mwembamba chini.

Kuna soli nyingine nyepesi na laini, za poliyurethani. Hizi zinafaa kwa kutembea, ila zina siri: unyevu wa hewa huzila polepole hata zikikaa bila kuvaliwa. Kwa joto na unyevu wetu wa pwani, kiatu ulichokificha kwenye boksi toka Idd ya mwaka juzi kinaweza kumomonyoka kama biskuti njiani. Kwa mitumba ndiyo zaidi, maana hujui kilikaa ghalani miaka mingapi. Bonyeza soli kwa ukucha, itazame ubavuni. Ukiona nyufa ndogondogo au inanata, weka chini.

Tukishanunua twaviharibu wenyewe. Tunatoka swala mbio, tunakanyaga nyuma ya kiatu na kukiburuta kama kandambili. Kile kikombe cha kisigino kikivunjika, lofa imekwisha, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kamba yake. Nunua kijiko cha kuvalia viatu, ukiweke mfukoni.

Jambo jingine, tunatia udhu na kutumbukiza mguu unaotiririka maji ndani ya kiatu kilichofunika. Hapo ndipo fangasi za vidoleni zinapoanzia, na ile harufu tunayosingiziana msikitini. Futa mguu, hasa katikati ya vidole. Vaa soksi ukiweza, na kiatu ulichovaa leo kipumzike kesho kipate kukauka.

Vijana mnaowanunulia baba zenu, kama mzee ana sukari msimchagulie kwa macho yenu. Sukari inaweza kuua hisia miguuni, akachubuka na asijue, na kidonda kikamfikisha pabaya. Yeye mchukueni dukani mwenyewe, kiatu kiwe kipana mbele na bila mshono mgumu ndani, na jioni mtu amtazamie nyayo. Kama ana ganzi tayari, aulizwe kwanza daktari, pengine lofa si yake.

Na msingoje usiku wa kuamkia Idd, maduka yamejaa, mwenye duka amechoka na wewe unachukua chochote. Nunueni sasa, katika kumi hili la kati. Vaeni ndani ya nyumba na soksi, saa moja leo, saa moja kesho, kisha mwende navyo tarawehe. Lakini kabla ya kununua muulize mwenye duka kama anakubali kubadilisha, na mpaka lini. Hayo ya ndani ya nyumba yafanyeni mapema, soli ikiwa bado safi na risiti mnayo.

Wassalaam alaykum warahmatullah.