Soko la Vitofali na Mwenye Soko



Mwezi Novemba mwaka 2019 ilitolewa habari ambayo wengi waliipuuza wakiiona kuwa ni jambo la watoto. Kampuni ya LEGO ya Denmark, inayotengeneza vitofali vya plastiki vya kuchezea, ilitangaza kwamba inalinunua BrickLink, soko la intaneti ambamo wapenzi wa vitofali hivyo huuziana vipya na vilivyokwisha kutumika. Lakini habari hiyo ina funzo kwa kila aliyekabidhiwa dhamana, na hasa kwenu askari wa jeshi na polisi.

LEGO ilianzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Kristiansen, katika kijiji cha Billund. Kitofali chake cha plastiki kiliandikishiwa hataza mwaka 1958, na kitofali cha mwaka huo hushikana barabara na cha leo. Ndiyo sababu kitofali cha zamani hakipotezi thamani, na anayetafuta kipande kimoja tu cha rangi fulani yuko tayari kukilipia.

Haja hiyo aliitambua kijana mmoja, Dan Jezek, aliyelianzisha soko hilo mwaka 2000. Hakuwa mtumishi wa LEGO. Alikuwa mpenzi tu wa vitofali. Wanachama wenyewe walishirikiana kuandika orodha ya vipande, maelfu kwa maelfu, bila ya mshahara. Jezek alifariki dunia mwaka 2010, na mwaka 2013 soko likauzwa kwa tajiri wa Korea ya Kusini, Jung-Ju Kim. LEGO iliponunua kutoka kwa kampuni yake, soko lilikuwa na wanachama zaidi ya milioni moja, na maduka zaidi ya 10,000 katika nchi 70.

Hofu ya wauzaji ilikuwa nini? Ilikuwa kwamba mtengenezaji wa bidhaa amekuwa pia mwenye uwanja zinamouzwa bidhaa hizo. Anaona nani anauza nini na kwa bei gani, na kanuni za uwanja sasa zimo mkononi mwake. Wahenga wetu walikwisha kuonya kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Hata hivyo, haki itendeke. LEGO haikunyang'anya, ilinunua kwa halali. Wala haikulifunga soko. Watu wangali wanauziana humo. Tena, mwaka 2021 ilianzishwa humo mipango ya kutengeneza na kuuza michoro iliyobuniwa na wapenzi wenyewe. Lakini wema wa mwenye nguvu hautoshi kuwa kinga ya mnyonge. Kinga ni kanuni iliyoandikwa, inayojulikana na wote, na inayomfunga hata yule aliyeiandika.

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa askari. Polisi anayelinda soko hawi na kibanda ndani yake. Akiwa nacho, mwenye kibanda cha jirani atauliza, na ni haki yake kuuliza, ni nani atakayeamua siku watakapogombana. Ofisa anayesimamia ghala hapaswi kuwa mfanyabiashara anayeliletea ghala hilo bidhaa. Huenda ni mwaminifu kabisa, lakini uaminifu usioweza kukaguliwa humletea shaka hata mwenye nao.

Liko na funzo la pili. Soko lile lilijengwa na jasho la wengi, lakini hati yake ilikuwa mkononi mwa mmoja. Mwanzilishi alipofariki, waliojenga hawakuwa na kauli juu ya nani atawarithi. Jeshi halisimami hivyo: kamanda huondoka, kikosi kikabaki, kwa sababu amri, daftari na mali ni vya kikosi, si vya mtu.

Basi, ndugu askari, tunapokabidhiwa lindo, tujiulize mapema: je, ninalinda cha watu, au nimeanza kulinda changu?