Kelele za Feni ya Kompyuta ya Chama: Maana Yake na Namna ya Kuzipunguza

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Lusu, Wilaya ya Nzega



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi daftari la chama cha msingi lilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kilichofungiwa kabatini, na adui zake walikuwa mchwa, panya na mvua. Siku hizi vyama vingi vimepata daftari la pili, nalo ni kompyuta mpakato. Ndani yake mna orodha ya wanachama, kilo za pamba zilizopimwa mizanini, madeni ya pembejeo, na taarifa zinazopelekwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mfumo wa MUVU. Daftari hili nalo lina adui zake, na walio wakubwa ni joto na vumbi. Adui hao wanapoingia, aghalabu hutangazwa na kelele za feni. Yafaa basi kila katibu aelewe kelele hizo zina maana gani, na afanye nini ili zipungue pasipo kuiharibu mashine.

Kazi ya feni

Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo kiitwacho prosesa, ambacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Umeme unaoingia humo, karibu wote, hugeuka kuwa joto. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato za ofisini hutumia wati 15 au zaidi, na joto hilo lote hutoka mahali padogo kuliko kiganja cha mtoto. Juu ya prosesa hulazwa mrija wa shaba wenye maji kidogo ndani yake. Maji hayo hugeuka mvuke upande wa moto, husafiri hadi upande wa baridi, hugeuka maji tena na kurudi. Kwenye ncha ya mrija huo mna mapezi membamba ya alumini au shaba, na feni hupuliza hewa kati ya mapezi hayo ili joto litoke nje.

Wenye mashine za kusaga nafaka vijijini wanalijua jambo hili vizuri. Injini ya dizeli hupozwa kwa maji yatokayo katika pipa. Maji yakipungua pipani, mwenye mashine halaumu injini kwa kuchemka, bali hukimbilia ndoo. Na feni ya kompyuta ni vivyo hivyo. Inapovuma kwa nguvu inatimiza wajibu wake, na swali la kuuliza ni kwa nini joto limezidi.

Kwa sababu hiyo asitokee katibu wa kuizima feni, wala kuiziba kwa kitambaa, wala kumwambia fundi auchomoe waya wake ili mkutano uendelee kwa utulivu. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 za Sentigredi hujipunguzia mwendo yenyewe, na joto likizidi kupanda, kompyuta hujizima ghafla ili isiungue. Kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea hapo hapo.

Hasara yake kwa chama

Ndugu Wanachama, hasara ya jambo hili si bei ya mashine peke yake. Chukueni mfano wa siku ya malipo. Wakulima wamekaa chini ya mwembe tangu asubuhi, fedha zimefika, na kompyuta inazimika kila baada ya dakika kumi. Mkulima haoni joto la prosesa. Anachokiona ni katibu anayesema kwamba kumbukumbu hazionekani. Wanachama wengi wamewahi kusikia habari za hesabu zilizopotea katika vyama, na ni rahisi mno kwao kudhani kuwa na hapa kuna jambo linafichwa. Katibu mwaminifu aweza kupoteza jina lake kwa sababu ya vumbi la kijiko kimoja lililokaa katika mapezi ya feni.

Kwa nini taabu huzidi katika sehemu hizi

Sababu ya kwanza ni msimu. Pamba huuzwa wakati wa kiangazi, ambapo barabara zimekauka, upepo unavuma, na malori yanatimua vumbi mbele ya maghala. Kwa hiyo kompyuta hufanya kazi nyingi zaidi katika miezi ile ile yenye vumbi jingi zaidi, na nyuzi laini za pamba huongezeka juu yake. Nyuzi hizo hushikamana na vumbi, zikawa kama blanketi mbele ya mapezi.

Sababu ya pili ni joto la ofisi. Mwezi Oktoba joto la mchana katika nyanda za Tabora hupita nyuzi 30, nalo huzidi chini ya bati lisilo na dari. Watengenezaji wengi wa kompyuta huweka nyuzi 35 kuwa mwisho wa joto la chumba ambamo mashine yafaa kutumika. Ofisi ya namna hiyo huweza kuufikia mpaka huo wakati wa mchana.

Sababu ya tatu haionekani kwa macho. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, hivyo feni hulazimika kuzunguka zaidi kuliko ingezunguka Dar es Salaam, kama joto la chumba lingekuwa sawa.

Kuzitambua sauti

Sauti za feni si za namna moja, na katibu yampasa azitofautishe. Mvumo wa upepo mwingi unaopanda na kushuka ni ishara ya joto au kazi nyingi. Mkwaruzo au mlio wa chuma ni ishara kwamba egemeo la feni limechakaa, na hapo dawa ni feni mpya. Mgongo wa haraka haraka, kama ukucha juu ya meza, mara nyingi ni waya au taka inayoguswa na mapanga ya feni. Kilicho kibaya kuliko vyote ni ukimya huku mashine ikiwa ya moto sana, maana huenda feni imekufa. Kompyuta ya namna hiyo izimwe mara moja mpaka ipate fundi.

Mahali pa kuiweka

Jina la mpakato limewapotosha wengi. Mtoto hupakatwa, lakini kompyuta hii haifai kupakatwa kwa muda mrefu, wala kuwekwa juu ya kitanda, mto au kitambaa cha meza, kwa kuwa nyingi huvuta hewa kwa matundu ya chini. Iwekwe juu ya meza ngumu, na nyuma yake iinuliwe kwa vipande viwili vya mbao vyenye unene wa vidole viwili, pasipo kuziba matundu. Hatua hii haina gharama, na mara nyingi peke yake hutosha kupunguza mvumo. Isikae dirishani penye jua, wala karibu na ghala lililo wazi wakati marobota yanapakiwa.

Wazee wa nchi hii walilijua jambo la kulikwepa joto. Misafara iliyopita Unyanyembe katika karne ya 19 iliondoka alfajiri na kutua kivulini kabla jua halijawa kali. Nyumba za tembe, kama ile ya Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, zilikuwa na kuta nene na paa la udongo, na ndani yake mlikuwa na ubaridi wakati nje panaungua. Ofisi ya chama haiwezi kugeuzwa tembe, lakini dari ya mbao au hata ya mikeka chini ya bati, na kivuli cha mti upande wa magharibi, hupunguza joto sana. Kazi nzito, kama vile kutengeneza hesabu za malipo ya wanachama wote, ifanywe asubuhi, na mchana ubaki kwa kazi ndogo ndogo.

Kuipunguzia mashine mzigo

Mara nyingi feni huvuma kwa sababu prosesa inafanya kazi ambazo katibu hakuzituma. Katika kompyuta zenye Windows, vibonye vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja, hufunguka orodha ya programu zinazofanya kazi na kiasi cha nguvu kinacholiwa na kila moja. Programu isiyohitajika ifungwe. Ikionekana programu isiyojulikana ambayo hula nguvu nyingi kila siku, huenda ni kirusi, na mashine ipelekwe kukaguliwa. Filamu na michezo ya vijana haina nafasi katika mashine ya chama.

Tena, katika mipangilio ya umeme ya Windows, kompyuta nyingi zina mahali pa kuwekea kiwango cha juu cha kazi ya prosesa. Kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, nyingi huacha mbio za ziada zinazoleta joto jingi, wala kazi ya kuandika na kujumlisha haipungui kwa kiasi cha kumsumbua mtu. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa mwendo wa feni ukipungua nusu, nguvu ya kuizungusha hushuka hadi sehemu moja ya nane hivi, na sauti hupungua sana. Betri nayo huishi zaidi, kwani joto huizeesha upesi.

Kusafisha

Matundu yasafishwe kila mwezi wakati wa kiangazi. Kompyuta izimwe kabisa na ichomolewe katika umeme. Vumbi la nje liondolewe kwa brashi laini na kavu. Pampu ya baiskeli yafaa kwa kupuliza, kwa pumzi fupi fupi. Mapanga ya feni yakifikika, yazuiwe kwa kijiti cha mbao yasizunguke, maana feni inayozungushwa kwa nguvu ya hewa huharibika. Isipulizwe kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina maji. Wala isipelekwe kwa wajaza upepo wa magari, maana upepo wao ni mkali mno na huweza kuwa na maji na mafuta.

Kuifungua mashine ni kazi ya fundi. Baada ya miaka kadhaa, ile dawa inayopitisha joto kati ya prosesa na shaba hukauka, na fundi huipaka upya. Asikubaliwe fundi anayetaka kutumia dawa ya meno au grisi mahali pake.

Wajibu wa Bodi

Ndugu Viongozi, mambo haya yasiachwe kwa hisani ya katibu mmoja. Bodi iandike kompyuta katika daftari la mali, pamoja na tarehe za kusafishwa na jina la mwenye dhamana. Katika makadirio ya mwaka itengwe fedha ya fundi kabla ya msimu, kama vile mizani inavyohakikiwa kabla ya msimu. Kila jioni nakala ya kumbukumbu iwekwe katika flashi inayofungiwa kabatini, na jumla za siku ziandikwe katika kitabu kwa mkono. Hata mashine ikizimika siku ya malipo, mkulima ataonyeshwa kilo zake, zikiwa na sahihi yake pembeni.

Na katibu atakayesikia feni ikivuma kesho asubuhi, aanze kwa kuinua mashine na kutazama matundu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa kwa brashi na vipande viwili vya mbao.